Picha ya Kisiwa Iliyonifanya Nimwite Mdogo Wangu Mwizi

Jamani... nilimkuta mdogo wangu wa tumbo moja sebuleni kwa mama, kisu mkononi, anaikata fremu ya picha ya marehemu baba!

"We! Unafanya nini?"

Akashtuka. "Dada, subiri nikueleze..."

"Mwizi anieleze nini?"

Naomba mnielewe. Picha ile ni ya rangi za maji, moja tu duniani. Ni ufukwe wa kisiwa, upepo umeilaza miti yote upande mmoja, mawimbi yanarusha povu kwenye mawe. Tumekua tukijua baba ndiye aliyeichora. Mama macho yamemwishia, siku hizi anaona mwanga na giza tu, lakini kila asubuhi lazima asimame mbele yake.

Sasa wiki moja kabla ya siku hiyo fundi wa fremu ananiambia, "Mdogo wako alikuja kuuliza jinsi ya kuitoa picha bila kuiharibu."

Nikajua tu. Kapata mteja huyu!

Basi nilivyomkuta na kisu, damu ikanichemka. Nilikuwa nadeki nyumba, nimeingia sebuleni na ndoo, iko miguuni. Nikaidaka ile karatasi ya picha, ilishatoka kwenye fremu.

"Achia!"

"Dada, utaichana!"

"Nimesema achia!"

Akaachia. Mimi nikayumba, karatasi ikanichomoka... chubwi! Ndani ya ndoo. Maji ya sabuni.

Niliitoa chapchap, lakini wapi! Bahari yote ilikuwa inachuruzika kwenye viganja vyangu. Mdogo wangu akakaa chini, akashika kichwa.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Mama anakuja anapapasa ukuta.

"Kelele za nini? Umeshanitolea, mwanangu?"

Umeshanitolea?!

"Mama... wewe ndiye uliyemtuma?"

"Sasa nani? Nataka kushika pale pembeni palipofichwa na fremu. Kuna alama ya dole gumba la baba yenu, ya bluu. Siku naichora upepo ulikuwa mkali, yeye ndiye aliyenishikia karatasi isipeperuke."

"Siku unaichora? Si baba ndiye aliyechora?"

Mama akacheka. "Baba yenu? Yule hata kuku hakuweza kumchora!"

"Mbona hukutuambia?"

"Mliniuliza lini?"

Miaka yote ile, hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza.

Mama akakaa kwenye kochi, akanyoosha mikono. Nikaikausha karatasi kwa khanga yangu, nikampa.

"Mbona ina unyevu?"

"Nimeipangusa vumbi, mama."

"Lile dole lipo?"

Nikaangalia pembeni. Peupe. Hakuna kitu! Mdogo wangu ananitazama, machozi yanamtoka.

"Lipo, mama."

Nikamshika kidole, nikakiweka pale pembeni. Akatulia, akatabasamu.

"Hapa hapa," akasema. "Alikuwa na mikono mikubwa yule."

Mdogo wangu nimemwomba msamaha, kanisamehe, ila hatujacheka pamoja tangu siku hiyo. Na nyie mnaonisoma, kabla hujamwita ndugu yako mwizi, muulize. Na mama yako, kama yupo, muulize leo alikuwa nani kabla hajawa mama yako.

Mimi nimechelewa. Kila asubuhi mama ananiita nimwonyeshe lile dole, na kila asubuhi namdanganya.