Allah Ditta Aingia Kwenye Orodha

Mwezi wa joto kali wa Mei, mjini Gujrat, Pakistan, mtu huonekana mkubwa kwa upepo alio nao. Ndiyo maana Allah Ditta aliheshimiwa. Alikuwa fundi wa kusuka mota za feni. Kibanda chake hakikuzidi upana wa kitanda, lakini wateja walipanga foleni juani huku wamekumbatia feni zao kama wagonjwa.

Nyumbani kwake, pangaboi la pekee lilikuwa bovu tangu mwaka jana.

"Baba Rimsha, lini utalitengeneza?" mkewe, Naseem, aliuliza kila jioni.

"Foleni, mama. Kila mtu na foleni."

Allah Ditta hakuogopa umeme. Aliogopa serikali. Marehemu baba yake alimfundisha kwamba mtu wa serikali akionekana, shata la duka, ule mlango wa bati, hushuka. Ditta alilishusha hata kwa msomaji wa mita, ambaye alitaka tu kusoma mita.

Sasa, baada ya miaka kumi na tisa ya kupanga nyumba za watu, familia ilikuwa imepata kiwanja. Kilikuwa kidogo, karibu na mfereji, na bei yake ilikuwa laki kumi na nane za rupia. Ditta alikuwa na fedha za sehemu yake ya shamba la urithi. Naseem aliongeza za upatu. Arubuni ilikwishalipwa. Zilibaki wiki tatu kumalizia, la sivyo arubuni ingepotea na kiwanja kingeuzwa kwa mwingine.

Ndipo dalali alipotoa habari.

"Kuna kodi ya mnunuzi, fundi. Aliye kwenye orodha ya wanaowasilisha ritani ya kodi ya mapato anakatwa asilimia tatu. Asiyekuwemo, kumi na nusu."

Ditta alirudi nyumbani bila rangi usoni. Asilimia kumi na nusu ingemeza fedha zote za matofali.

Usiku huohuo akaja shemeji yake, Mushtaq, kaka wa Naseem, mtu mwenye kicheko kikubwa na pikipiki mpya.

"Hili ndilo la kukunyima usingizi?" Mushtaq alicheka. "Kiandikeni kiwanja kwa jina langu! Mimi nimo kwenye orodha. Jina tu, shemeji. Jina halili chapati."

Ditta alitaka kumbusu mikono. Naseem aliacha kusukuma chapati.

"Kaka yangu nakupenda," alisema. "Mkeo je, atakumbuka kwamba ni jina tu?"

Mushtaq alikohoa. Mkewe alikuwa mtu wa kuogopwa hata na Mushtaq.

"Kesho," Naseem alimwambia mumewe, "nenda kwa Dada Kaukab. Yeye yumo kwenye orodha mwaka wa sita huu."

"Kaukab wa saluni? Anayepaka watu hina?"

"Huyohuyo. Na ukienda, ongea kwa adabu."

Asubuhi Ditta alivaa shati lake lililochanika kuliko yote. Aliona ni busara kuonekana fukara anapozungumzia kodi. Lakini saluni ya wanawake haiingiwi na mwanamume. Alikalishwa kwenye kigoda nje ya pazia jekundu. Kutoka ndani zilitoka harufu ya hina, kicheko cha wanawake, na hatimaye sauti.

"Kaka Ditta! Kaa vizuri. Naseem kanipigia simu. Unaogopa nini?"

Ditta alikaa wima. Hakuwahi kuzungumza na pazia.

"Dada, nikiingia kwenye orodha, serikali itanijua."

Ndani walicheka wote. Mmoja alilalamika kwamba hina yake imeharibika.

"Kitambulisho unacho?" sauti iliuliza.

"Ninacho."

"Nani alikupa? Mita ya umeme ina jina la nani? Laini ya simu je? Wanakujua tangu zamani, kaka. Wewe ndiye hujui kwamba wanakujua."

Ditta alitazama nyuma yake.

"Lakini mimi sijawahi kulipa kodi ya mapato maishani!"

"Ukiweka rupia mia kwenye simu, unapata mia nzima?"

"La. Zinapungua."

"Zinakwenda wapi?"

Ditta alitoa simu mfukoni, akaitazama. Kwa miaka yote alidhani simu yake ina njaa.

"Umo ndani ya jambo hili muda mrefu, kaka," sauti ilisema, sasa kwa upole. "Umekuwa ukilipa kodi bila jina. Na kuwasilisha ritani si sawa na kulipa. Ritani ni maelezo: nimepata hiki, nina hiki. Mwaka huu, mwenye biashara ndogo ambaye mapato yake hayafiki laki sita kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato. Wewe unafika?"

"Tatu na kidogo. Miaka mizuri, nne."

"Basi utaandika ukweli, na kodi itakuwa sifuri. Umechelewa kuwasilisha ya mwaka uliopita, kwa hiyo utalipa rupia elfu moja ili jina liingie. Viwango hubadilika kila bajeti, uliza kila mwaka."

"Na kuandika kwa jina la Mushtaq?"

Kicheko cha ndani kilikatika.

"Kaka, karatasi haijui nani alitoa fedha. Inajua jina. Akifa, watoto wake watarithi. Akishtakiwa na mtu, kiwanja kitashikwa. Tena kuficha mali yako chini ya jina la mwingine ni kosa. Serikali ikigundua, inaweza kukichukua chote. Usimtie shemeji yako matatani, na usijitie."

Mkono wenye hina ulitokea pembeni mwa pazia na karatasi. Ditta aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa cheti. Iliorodhesha vya kuwa navyo: namba ya kitambulisho, simu yenye laini iliyosajiliwa kwa jina lake, barua pepe, bili ya umeme ya kibanda.

"Rimsha anaweza kukusaidia kwenye tovuti ya mamlaka ya kodi," sauti ilisema. "Neno la siri usimpe wakala yeyote. Na andika mali zako zote. Usiache."

"Hiyo ni rahisi. Sina kitu."

"Kaandike. Na hilo shati, kaka, nimeliona kwa chini ya pazia. Halipunguzi kodi."

Jioni, binti yao Rimsha alikaa na simu, baba akitaja.

"Kibanda: vifaa vya kusukia. Waya wa shaba. Pikipiki kuukuu. Nusu ya nyati wa kufugwa, iko kijijini kwa mjomba wako mwingine."

"Nusu ipi, baba?"

"Ya maziwa. Andika."

Naseem alileta kitambaa, akakifungua. Bangili mbili za dhahabu za harusi. Akataja na cherehani yake. Kisha fedha za shamba, za upatu, na arubuni, kila kitu na kilikotoka.

Rimsha alisoma orodha yote kwa sauti. Ilichukua muda. Ditta alisikiliza bila kupepesa macho. Aliyaona maisha yake yakipita, kitu kimoja baada ya kingine: baba yake kwenye shamba, Naseem akiwa bibi harusi, miaka ya vidole vilivyokatwa na waya.

"Vyote hivyo ni vyetu?" alinong'ona.

"Na pangaboi moja," Naseem alisema. "Bovu."

Ditta alisimama, akapanda juu ya kiti na kulishusha.

Ritani iliwasilishwa, ile elfu moja ikalipwa. Jumatatu, siku orodha inapoongezwa majina, aliitumia mamlaka ya kodi ujumbe wa simu wenye namba ya kitambulisho. Jibu lilikuja: jina lake kamili, na kwamba yumo. Alilisoma akiwa amesimama.

Siku tatu kabla ya muda kwisha, kiwanja kiliandikwa kwa jina lake. Alikatwa asilimia tatu. Zilizobaki zikawa matofali. Mushtaq alikuja kusaidia kuyashusha, na mkewe akaja kusimamia.

Naseem alimkuta mumewe katikati ya kiwanja, ameinamia simu.

"Unafanya nini?"

"Nawauliza tena kama nimo."

"Si ulijibiwa jana?"

"Na juzi." Simu ilitoa mlio. Ditta alisoma, akakunja mikono kifuani. "Bado nimo."

Salio lilikuwa limekwisha. Akaweka rupia mia nyingine, akaziona zinapungua, na kwa mara ya kwanza maishani akajua zimekwenda wapi.