Koti Lililogeuzwa Ukunguni

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na tano Mei, saa mbili asubuhi. Jua lilikuwa limetoka, upepo mwepesi ulivuma kutoka kusini, na mbali juu ya bahari ulionekana mstari mweupe, mwembamba, kama uliochorwa kwa chaki na rula. Zita Hounsell, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa amepiga magoti kwenye ngazi za nyumba akifunga kamba za viatu vya babu yake.

"Kaza, kapteni," alisema Babu Leander. "Meli ikifungwa hivyo itachukuliwa na maji."

"Basi inama uifunge mwenyewe. Si tumbo ndilo linalokuzuia?"

"Tumbo hili amelijenga bibi yako. Mlaumu fundi."

Ilikuwa siku yao ya nne ya kutembea. Babu Leander alikuwa na miaka sabini na miwili, na alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Muuguzi wa zahanati alikuwa amempa maagizo mepesi. Aanze na dakika kumi kwa siku, katika barabara ya kijijini. Aongeze dakika tano kila wiki. Asiende peke yake.

Babu alikubali kwa sababu moja. Kila mwezi wa Julai, watu waliozaliwa Sculpin hurudi huko kwa miguu kusafisha makaburi ya wazazi wao. Sculpin ni kijiji cha ng'ambo ya kilima, kilichohamwa zamani. Siku hizi hakuna anayeishi huko. Ni mwendo wa kilomita saba kwenda na saba kurudi. Mwaka uliopita Babu alipelekwa nyuma ya pikipiki ya magurudumu manne, amefungwa kamba kiunoni kama gunia la viazi, na vijana walicheka. Aliapa kwamba mwaka huu angefika kwa miguu yake.

Bibi Dulcie alitoka jikoni na vipande viwili vya mkate mtamu wa molasi, ile asali nyeusi ya miwa. Kimoja alikitia mfukoni mwa Zita, kingine mfukoni mwa mumewe. Katika kijiji cha Merrin, kama katika vijiji vingi vya kisiwa cha Newfoundland, watu wa zamani hawatoki bila mkate mfukoni. Mkate huo hauliwi. Ni kinga dhidi ya Watu Wema, wale wadogo wa vichakani, ambao huwapoteza wasafiri. Huitwa Watu Wema ili wasikasirike.

"Leo mnakwenda wapi?" aliuliza Bibi.

"Mpaka kanisani na kurudi," Babu alijibu bila kumtazama.

Bibi aliutazama ule mstari mweupe baharini. Kisha akamgeukia Zita. "Na wewe, funga koti hilo. Mikanda ile sikuishona iwe pambo. Vidole vyangu bado vina matundu ya sindano." Alikuwa ameshonea koti la Zita mikanda minne ya kitambaa cha rangi ya fedha, kile kinachong'aa kikipigwa na taa.

Dakika tano baadaye walifika kanisani. Babu hakusimama.

"Babu, kanisa hilo hapo."

"Naliona. Halijahama tangu nilipofungia ndoa."

"Lakini tumemwambia Bibi tunaishia hapa."

"Dakika kumi ni mwendo wa kuku, mwanangu. Mimi nataka kujua kama miguu hii bado inaijua njia ya kwetu. Utaniacha niende peke yangu?"

Zita alikumbuka agizo la muuguzi kwamba Babu asiende peke yake. Alijiambia kwamba kumfuata ni utii. Moyoni alijua kwamba sivyo, lakini alimfuata.

Njia ya Sculpin hupita nyikani, mahali pasipo na mti wala nyumba. Kila baada ya hatua mia moja pana rundo la mawe, nalo ndilo alama pekee ya njia. Kwa saa moja Babu alitembea vizuri. Alimsimulia Zita habari za dada yake, Effie, aliyekufa kwa homa huko Sculpin akiwa na miaka tisa. Walipovuka kilele cha kilima, simu ilipoteza mtandao. Ndipo ukungu ulipofika.

Haukushuka kutoka juu. Ulitambaa chini, ukipita katikati ya vichaka kama maji yanayoingia chumbani kupitia chini ya mlango. Ulifunika viatu, kisha magoti. Kufumba na kufumbua, rundo la mawe lililokuwa mbele yao halikuonekana tena. Hata sauti zao zilibadilika. Zita alipozungumza, maneno yake yalionekana kutoka ubavuni, kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeyasema.

Upande wa pwani kitu kililia. Kilikuwa kilio chembamba, kama cha mtoto mdogo aliyechoka. Kikanyamaza. Kikaanza tena, mahali pengine.

"Nini hicho, Babu?"

"Usiulize. Tembea."

Walirudi walikotoka, au walidhani hivyo. Baada ya robo saa walikuta rundo la mawe lenye chupa ya buluu iliyovunjika juu yake. Waliendelea. Baada ya dakika ishirini walikuta rundo jingine, nalo lilikuwa na chupa ya buluu iliyovunjika. Zita alitazama chini. Katika udongo uliolowa kulikuwa na nyayo za watu wawili, kubwa na ndogo, na maji yalikuwa bado yanaingia ndani yake polepole. Aliweka kiatu chake juu ya unyayo mdogo. Kilienea sawasawa.

"Wametushika," Babu alinong'ona. "Vua koti. Livae ndani nje, na mimi nivae hivyo. Ndivyo alivyotufundisha baba. Wakikuona umejigeuza, hawakutambui, wanakuacha."

Waligeuza makoti na kukaa wakiegemea mawe. Kilio cha pwani kilikaribia. Babu alianza kutetemeka, na ingawa kulikuwa na baridi, jasho lilimtiririka usoni. Alimtazama Zita kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kusoma maandishi ya mbali.

"Effie," alisema kwa ulimi mzito. "Mama anatuita. Twende nyumbani."

Zita alimshika bega ili asiinuke.

Wakati huohuo taa ya manjano ilitokea ukunguni. Ilikuwa pikipiki ya magurudumu manne. Zita aliruka akapunga mikono na kupiga kelele, lakini injini iliimeza sauti yake. Taa iliwapitia, hatua ishirini tu kutoka hapo, ikamulika kifua chake, ikasonga mbele. Mngurumo ukafifia. Dereva hakuwa amewaona.

Zita alijitazama. Upande wa ndani wa koti lake ulikuwa wa kijivu, rangi ileile ya mawe na ya ukungu. Mikanda ya Bibi ilikuwa imegusa fulana yake, mahali ambapo hakuna taa ingeweza kuifikia.

"Babu, naligeuza koti."

"Ukiligeuza watakuchukua."

Mkono wa Zita ulisita kwenye zipu. Hakuna mtu mzima wa Merrin aliyewahi kumwambia kwamba Watu Wema hawapo. Lakini alimwona babu yake akifumba macho, akakumbuka neno jingine la muuguzi: mgonjwa wa kisukari akitoka jasho, akitetemeka na kuchanganyikiwa, sukari imeshuka; maadamu anaweza kumeza, apewe kitu kitamu mara moja. Kitu kitamu walichokuwa nacho kilikuwa kimoja tu. Kinga zote mbili zilipaswa kuondoka.

Alivua koti, akaligeuza, akalivaa. Akatoa mkate mfukoni, akaumega vipande vidogo.

"Kula, Babu."

"Huo ni wa Watu Wema."

"Wakiudai nitawaokea mwingine. Tafuna. Meza. Tena."

Alimlisha kipande baada ya kipande, na hakutazama nyuma hata kilio kiliposikika karibu kabisa. Mkate wa kwanza uliisha. Alianza wa pili. Mara ile taa ikarudi, ikaigusa mikanda, na mikanda ikawaka kama madirisha manne. Pikipiki ilisimama. Dereva alikuwa Ambrose, mpwa wa Bibi.

"Nimepita hapa sasa hivi," alisema Ambrose, akimfunika Babu blanketi. "Nilikuona nikadhani jiwe. Nimetafuta kanisani, dukani na gatini saa nzima, maana Shangazi aliambiwa mpo kanisani. Mzee, unanijua mimi ni nani?"

Babu alimtazama. "Mjinga mmoja anayeendesha ovyo," alisema taratibu.

"Ameanza kupata nafuu," Ambrose alisema. Akampandisha nyuma ya pikipiki, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Kwa nini ulirudi?" Zita aliuliza.

"Nilipozima injini kule mbele nilisikia unalia."

"Mimi sikulia."

Ambrose alitazama upande wa pwani. "Basi walikuwa sili, wanyama wa baharini wanaolia kama watoto," alisema, akawasha injini.

Saa saba mchana Babu alikuwa kitandani kwake. Muuguzi alikuwa amempima, akathibitisha kwamba sukari ilishuka sana, akasema kwamba mkate ule ndio uliomwokoa. Alipoondoka, Zita alisimama mbele ya Bibi.

"Nilijua tumepita kanisa, Bibi. Ningeweza kukimbia nikakuambia. Sikutaka Babu aonekane mwongo."

"Mwongo ni mimi," Babu alisema kutoka kitandani.

"Wewe nyamaza, zamu yako inakuja." Bibi Dulcie alivuta kiti akaketi. "Nikiwa na miaka saba nilipotea nyikani, nikaula mkate wangu. Nilificha jambo hilo miaka sitini. Sasa naona mama aliutia mfukoni mwangu nipate cha kula. Kama Watu Wema wapo, sijui. Ukungu upo. Kisukari kipo. Na uwongo wako, Leander, ulimfanya Ambrose akutafute chini ya viti vya kanisa wakati wewe unazungumza na marehemu."

Bibi akamshika Zita mkono.

"Sikiliza, mwanangu, na yeye asikie. Miguu hujifunza kama mtoto: leo hatua chache, kesho nyingine juu yake. Anayeruka hatua huanguka. Anayetoka nyumbani aseme ukweli wa anakokwenda na saa atakayorudi, maana ukweli huo ndio njia ya mtu atakayemtafuta. Atazame hewa. Abebe kitu kitamu, avae kinachoonekana. Na mkubwa akikosea, mdogo anaruhusiwa kusema hapana. Leo ulichelewa kuisema, lakini uliisema ulipoligeuza koti."

Mchana huo Ambrose alirudi nyikani na kopo la rangi nyeupe, akaandika namba kwenye kila rundo la mawe. Bibi Dulcie alikata kitambaa cha fedha kilichobaki, akashona mikanda mingine minne upande wa ndani wa koti. Zita alimwandikia muuguzi barua ya mistari sita, akieleza mwendo wao wote wa siku ile, bila kuacha kitu. Babu Leander alilala mpaka jioni, na siku mbili zilizofuata alipumzika kama alivyoagizwa. Jumanne, saa mbili asubuhi, alimwambia mkewe, "Nakwenda mpaka kanisani, narudi baada ya dakika kumi." Alikwenda mpaka kanisani, akarudi baada ya dakika kumi.