Mabati ya Nalianya na Kopa za Mwololo

Ndugu zangu wa Kitengela, nanyi mnaojenga huko Kisaju, nasimulia haya nikiwa na hasira. Atakayeudhika audhike. Nimechoka kuona jambo hili likipita kimya kana kwamba ni mchezo tu.

Jumamosi moja asubuhi, Maryanne na mumewe Nalianya walikuwa kwenye ploti yao Kisaju wakitazama nyumba yao. Kuta zilikuwa zimesimama, limebaki paa. Binti yao Beverlyne alikuwa amechagua chumba chake na anakifagia, ingawa ukiinua macho uliona mawingu. Mzee Parsaoti, aliyewauzia ploti hiyo, alipita na mbuzi wake, akamsalimu Maryanne Kimaasai.

"Sopa, Mama Beverlyne."

"Ipa, mzee."

"Mvua haiko mbali. Hii mchanga nyeusi ikishika maji, lori haitafika hapa."

"Usijali, mzee. Mabati tuko nayo kwa Mwololo. Jumatatu inakuja."

Mnajua tunavyojenga sisi wa mshahara. Kila mwisho wa mwezi Maryanne alipeleka kidogo kwa Mwololo, mwenye hardware, duka la vifaa vya ujenzi, pale Kitengela, na mabati yao yakawekwa kando stoo mpaka yakatimia. Hapo ndipo walipompa landilodi notisi ya kuhama.

Mchana huo Nalianya alimwambia mkewe anakwenda kwa Mwololo kupanga habari za lori. Kweli alikwenda. Lakini nyuma ya hardware ile, kila Jumamosi, wanaume hucheza karata za Omaha, na Nalianya hakuwa na nguvu ya kupita meza ile bila kuketi.

Mimi ni Phylis, Mama Mutheu, jirani yao, na mume wangu Munguti naye huketi pale. Amenieleza mchezo huo mpaka masikio yamechoka. Kila mtu hupewa karata nne, na tano hufunuliwa mezani. Mkono wako ni mbili zako na tatu za mezani, basi. Mtu akiweka dau, una njia tatu: utupe karata zako, umuone kwa kulipa dau lake, au upandishe juu yake.

Mwololo ni mtu wa kupandisha. Akiwa nazo anapandisha, akiwa hana anapandisha. Kwa majuma mengi alikuwa amemtisha Nalianya mpaka anatupa karata nzuri, kisha anafunua uongo wake na kucheka. Nalianya alirudi nyumbani na uchungu huo, akala nao, akalala nao.

Siku hiyo nilikuwa pale nikinunua misumari, nikazunguka nyuma nikasimama begani mwa Nalianya. Mezani kopa tatu, zile karata za moyo mwekundu, na Nalianya mkononi ana kopa mbili, moja wapo mfalme: kopa tano, mkono mkubwa. Kopa moja tu, ile iliyo juu ya mfalme, ingemshinda. Mwololo akasukuma dau kubwa katikati.

"Buda, ona ama uende kwa bibi yako!"

"Leo hunitishi," Nalianya akasema. "Napandisha."

"Na nini? Ukiniona tu, pesa yako imeisha."

"Mabati yangu. Iko yote kwa stoo yako."

"Baba Beverlyne, hiyo ni ya watoto!" Munguti akapaza sauti.

Msomaji, simama hapa kidogo. Kama Mwololo alikuwa anadanganya, kumuona tu kulitosha kumnyang'anya dau lake. Lakini ukimpandishia mwongo, atatupa karata na kukimbia. Atakayebaki ni yule aliye nazo. Nalianya hakuwa anacheza karata tena. Alikuwa anajibu matusi, na alijibu kwa paa la watoto wake.

"Nimekuona," Mwololo akasema taratibu, akafunua kopa mbili. Moja ilikuwa ile ile.

Nilimwambia Mwololo arudishe mabati ya watu. Akanijibu, "Mama, mimi sikumlazimisha." Jumatatu lori lilibeba mabati yale kwa mnunuzi mwingine. Mvua ikanyesha ndani ya chumba alichokifagia Beverlyne. Mpangaji mpya wa nyumba yao ya kukodi naye alikuwa ameshalipa, hivyo Maryanne akawachukua watoto akaenda kwa dada yake huko Namanga, na Nalianya akajibanza katika chumba kimoja karibu na soko.

Mvua zilipokwisha, Maryanne alirudi, akaniomba nimsindikize kwa mumewe. Alikuwa amepata mkopo wa mabati mengine.

"Sina maneno mingi," aliniambia njiani. "Akisema pole, tunaanza upya."

Nalianya alifurahi kutuona. Alichemsha chai, akafuta kiti kwa shati lake.

"Baba Beverlyne," Maryanne akaanza, "umefikiria kile ulifanya?"

"Kila siku. Kosa langu nimelijua."

Maryanne akaweka kikombe chini. Nami nikashusha pumzi, nikidhani mambo yamekwisha.

"Ningemuona tu," Nalianya akasema, macho yanang'aa. "Mtu wa fujo kama Mwololo humpandishii. Unamuacha ajimalize mwenyewe. Ngoja nikuonyeshe." Akavuta vijiko, akaanza kuvipanga kama karata. "Siku ingine akinifanyia vile..."

"Siku ingine?"

"Sasa nimemjua!"

Maryanne alisimama. "Mabati nitanunua. Nyumba itaisha na watoto watalala ndani. Wewe kaa na Mwololo wako."

Akatoka. Nalianya akanigeukia, kijiko bado mkononi, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyeelewa kabisa.

"Mama Mutheu, kwani nimesema nini mbaya?"

Funzo

Hasira hasara, tunasema kila siku, kisha tunakwenda kukaa mbele ya mtu anayejua kutukasirisha. Kumnyamazia mchokozi si woga. Mara nyingi ndiko kunakomshinda. Hilo Nalianya alijifunza, na alijifunza vizuri sana.

Lakini kuna kubwa zaidi. Kitu cha watu wasioketi mezani hakiwekwi mezani, hata ukiwa na karata ya kushinda. Ukikosea nyumbani kwako, usiende kutafuta ni wapi ulicheza vibaya. Tafuta uliyemuumiza, umwambie pole. Maryanne hakuhitaji zaidi ya neno hilo, na chai yake aliiacha ikiwa moto.