Doa la Shira kwenye Karatasi ya Magnolia

Haya aliniambia Odessa Pruitt, jirani yangu, Agosti iliyopita, tukitoa kunde kwenye maganda barazani kwake. Miaka ishirini na sita amepika Nyumba ya Magnolia, moja ya zile nyumba za mabinti wa chuo wanaoitana dada bila kuzaliwa tumbo moja.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya mwisho ya kuchagua dada wapya. Saa kumi na dakika kumi, Bi. Fitts, mlezi wa nyumba, aliingia jikoni ameshika karatasi ya kufutia mikono kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeshika panya. Ilikuwa na ua la magnolia, alama ya nyumba, na imeandikwa kwa herufi kubwa: NAFASI YAKO IPO. USIMWAMBIE MTU. Imekutwa ikichungulia kwenye mkoba wa Tamsin Rudd, mmoja wa wasichana waliokuwa wakiomba.

Sheria ya wiki ile haina mchezo. Msichana anayeomba kuingia hatoki na kitu chochote cha nyumba, wala haahidiwi nafasi. Orodha ya waliochaguliwa ilikuwa ipelekwe saa kumi na mbili jioni, na jina la Tamsin lifutwe. Nyumba ya jirani, ya pili kati ya mbili alizobakiwa nazo, ingesikia na kumfuta pia. Angerudi bwenini bila dada hata mmoja.

Odessa alimkumbuka. Katika wasichana wote wa wiki ile, ni huyo peke yake aliyemuuliza mpishi jina lake.

Akavaa miwani, akaigeuza ile karatasi.

“Huyu binti alikuja raundi gani?”

“Ya kwanza,” akasema Bi. Fitts. “Saa saba kamili. Akatoka saa nane kasoro robo.”

“Basi hakuichukua yeye. Raundi ya kwanza nilizikunja pembetatu. Wewe mwenyewe ukaniambia zinafanana na nepi, nikunje mraba. Hii haina mstari wa pembetatu.”

Bi. Fitts akaitazama kwa karibu.

Pembeni palikuwa na doa la kahawia. Odessa akalinusa. Shira ya mtama. Sebuleni siku ile kila kitu kilikuwa cheupe, keki mpaka kinywaji, kwa ajili ya magauni meupe. Shira ilikuwa jikoni tu, pamoja na mkate wa mahindi wa wafanyakazi.

Bi. Fitts alimshuku Pressley Mott, dada aliyezungumza na Tamsin. Alisema Pressley alimtaka mno, akavuka mpaka. Akaitwa. Vidole vyake vilikuwa na wino, na Bi. Fitts akavitazama muda mrefu. Pressley akaeleza kwamba aliandika kadi za majina asubuhi, na kwamba raundi ya pili nzima alisimama mstari wa mbele akiimba, milango imefungwa, na dada arobaini walimwona.

“Basi jikoni ni kwako, Odessa,” akasema Bi. Fitts polepole.

“Mwandiko wangu unaujua. Miaka yote unalalamika hujui nimeandika chumvi au sukari.”

Hapo Odessa akakumbuka jagi la maji. Saa nane na nusu, Corliss Hanby, dada wa nyumba anayekaa ghorofani kuhesabu kura, alishuka kula jikoni. Odessa alimpa karatasi kutoka rundo la mraba. Baadaye Corliss akajitolea kupeleka jagi hilo nyumba ya jirani, alikokuwa Tamsin raundi ile, kwa walinzi wa mikoba iliyoachwa kwenye nyasi. Odessa akawaza, mtoto ana roho nzuri huyu.

Corliss akaitwa. Aliingia saa kumi na moja na robo, akaonyeshwa lile doa, akacheka kidogo.

“Mama Odessa, mimi shira hata siijui. Kwetu Birmingham tuna mpishi.”

“Mwanangu, leo umevunjavunja mkate wa mahindi kwenye glasi ya mtindi, ukamwagia shira, ukala kwa kijiko cha mpini mrefu. Sikukuonyesha mimi. Nani alikufundisha?”

Corliss akaangalia viatu vyake.

“Bibi yangu.”

“Wa wapi?”

“Cutler's Gap.”

Bi. Fitts akafungua faili la Tamsin. Kwao pia ni Cutler's Gap.

Corliss akasema yote. Miaka miwili amewaambia dada zake wa Magnolia kuwa baba yake ni jaji. Baba yake anaezeka mapaa, na paa la kina Tamsin aliliezeka yeye. Siku ya kwanza alipomwona Tamsin mlangoni, alijua amekwisha. Ndipo akaiandika ile karatasi na kuitia mkobani mwake, ili afutwe kabla hajamtaja.

Odessa akamwomba Pressley asome alichoandika baada ya mazungumzo.

“Nilimuuliza kama anamjua yeyote humu,” Pressley akasoma. “Akatazama ngazini, akasema hapana, hamjui mtu.”

“Ngazini alikuwa nani?” Odessa akauliza.

“Mimi.” Corliss alikuwa amefunika uso.

Orodha ikapelekwa saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, jina la Tamsin likiwamo. Bi. Fitts akasema habari ya Corliss itaamuliwa Jumatatu, akatoka na Pressley.

“Kesho waliochaguliwa watakuja mbio kwenye nyasi,” Odessa akamwambia Corliss. “Wewe utasimama mbele kabisa. Utamwambia Tamsin kwa kinywa chako.”

Corliss akaitikia kwa kichwa. Siku sita hakuwa amelala sawasawa. Akalaza shavu mezani, kati ya mabakuli. Odessa akaisogeza ile glasi ya mtindi isije ikamwagika, na alipogeuka kuzima jiko, binti alikuwa keshalala.