Nilimwambia Mwanangu Afeli Mtihani

Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja. Naanika na kuuza dagaa katika kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, mbele kidogo ya Katonga. Majirani wananiona mtu wa dini, mtu wa watu. Laiti wangejua!

Mume wangu alivuka kwenda Kongo kutafuta riziki, akapotelea hukohuko. Niliachwa na binti mmoja, Zawadi. Mtoto huyo alikuwa na akili, jamani... Tangu darasa la tatu hakuna aliyempita. Shule yetu ilizoea kushika mkia kata nzima, lakini Mwalimu Mkumbo, kijana aliyeletwa kutoka Singida, kila akikutana nami njiani alisema, "Shikamoo, mama. Huyu binti ndiye atakayetutoa kimasomaso."

Mama mwingine angefurahi. Mimi niliogopa! Sekondari iko mbali, ingebidi akapange chumba na wasichana wenzake. Nani angenisaidia kwenye vichanja vya dagaa? Nilijidanganya kwamba namkinga na wanaume. Ukweli ni kwamba niliogopa kuachwa mara ya pili.

Wiki moja kabla ya mtihani wa darasa la saba nilimwita jikoni. Nikamwambia, "Mwana wanje, mwanangu, kama unanipenda, andika vibaya." Hapa kwetu si mimi wa kwanza kusema hivyo... Naye akajibu, "Haya, mama."

Akaandika vibaya. Hesabu alizokuwa akiwaelekeza wenzake, alizikosa kwa makusudi.

Matokeo yalipobandikwa, jina lake halikuwepo kati ya waliofaulu. Kikaitishwa kikao cha wazazi. Watu wakamjia juu Mwalimu Mkumbo, eti kazi yake kuchezea simu tu, hafundishi! Alisimama mbele yetu machozi yakimlengalenga, akasema haelewi kilichompata Zawadi. Nami nilifanya nini? Nilipaza sauti kuliko wote! Binti yangu alikuwa dirishani, ananisikiliza. Haukupita muda mwalimu akaomba uhamisho, akaondoka.

Tangu siku ile Zawadi alinyamaza. Dagaa anaanika, maji anachota, nikimtuma anakwenda. Nikimuuliza neno anajibu, "Unavyotaka wewe, mama." Niliogopa kubaki peke yangu, na sasa nikawa peke yangu naye yumo ndani!

Mwaka huu nilishindwa kuvumilia. Nikampeleka kwenye darasa la wale waliokosa sekondari. Mwalimu wa pale akampa karatasi ya kumpima. Zawadi akashika kalamu, akanigeukia mbele ya watu.

"Mama, safari hii unataka niandike vizuri au vibaya?"

Hakuwa akinikejeli, ndugu zangu. Alikuwa anauliza kweli! Nililia palepale, nikamweleza mwalimu yote niliyoyatenda. Zawadi akaiweka kalamu chini. Hakuandika chochote.

Wazazi wenzangu, nawasihi! Mtoto akipewa akili na Mungu, mwacheni aende nayo. Umaskini una dawa, upweke una dawa... lakini mtoto uliyemvunja kwa mkono wako utampeleka kwa mganga gani?

Siku hizi namwomba aamue mwenyewe, hata mboga ya kupika. Jana nilimuuliza tena. Akasimama mlangoni na kapu mkononi, akingoja nimwambie ninataka ipi.