Mshipa wa Mzee Fundi Saa

Mzee fundi saa alikutwa chali sakafuni mwa karakana yake, tumbo limevimba, ngozi haina hata mkwaruzo. Majirani walikuwa wamesikia ugomvi, na mwanawe wa kiume alikiri kumsukuma. Akatiwa mahabusu kwa kosa la kuua. Kituo kizima kikaona kesi imekwisha.

Inspekta hakuona hivyo. Alikuwa mbishi, na kesi rahisi zilimkosesha usingizi.

"Hakuuawa na msukumo," alisema daktari wa uchunguzi wa maiti. "Mshipa mkuu wa damu tumboni ulikuwa umetuna kama mpira wa baiskeli uliochoka. Ungepasuka hata kwa kukohoa."

"Ulichoshwa na nini?"

"Chembe nyeupe za damu. Hao askari wa mwili waliuvamia ukuta wa mshipa, wakakaa humo miaka wakimwaga sumu. Mwili una kinga ya kuizima sumu hiyo. Yake ilizidiwa."

"Na vile vidonge nilivyovikuta kando ya kitanda chake?"

"Antioksidanti, dawa ya kuiongezea nguvu kinga hiyohiyo. Lakini haiuzwi popote. Bado inajaribiwa kwa panya."

Inspekta alishusha pumzi. Binti wa marehemu alikuwa mtafiti wa maabara.

Alimkuta kazini, koti jeupe, macho mekundu.

"Ulijua baba yako anaumwa?"

"Hapana, afande."

"Vidonge alivitoa wapi?"

Binti akageukia vizimba vya panya.

"Dada, mdogo wako yuko ndani."

Binti akaketi. "Nilimpiga picha ya tumbo mwenyewe, mwaka jana. Nikauona uvimbe. Nikamwambia ni gesi tu, nikampa vidonge vile."

"Mbona hukumpeleka akapasuliwe?"

"Mama alifia kwenye upasuaji. Na panya wangu walikuwa wanapona." Alijifuta pua kwa mkono wa koti. "Hapana, nisikudanganye. Nilitaka nimponye mimi. Nilitaka sifa."

"Ulijua mdogo wako hana hatia?"

"Nilijua tangu juzi, alipokamatwa."

"Ukamwacha selo?"

"Akitoka ataniuliza baba alikuwa anaumwa nini."

Inspekta akampeleka kituoni, akaamuru kijana atolewe. Akaja pekupeku, shati nje. Alipomwona dada yake alipiga magoti palepale kaunta.

"Dada, nisamehe. Nimemuua baba."

Binti aliinama kumwinua, macho kwa Inspekta. Inspekta alikuwa amewalazimisha wengi waseme. Huyu alimwomba.

"Mwambie, mwanangu."