Kikombe cha Meza ya Dirishani

Tuseme ukweli mapema ili tusipotezeane muda: siku ile mjinga alikuwa yeye. Si msusi, si mhudumu, wala si umati uliojazana mkahawani. Ni yeye fundi lifti, kipara kinang'aa, ovaroli la buluu limepigwa pasi kama la kwenda harusini, aliyeingia kwa Shangazi asubuhi ya msongamano akiamini kwamba kila mwanamke aliyevaa aproni anamsubiri yeye.

Mwanamke mwenyewe alisimama kaunta. Aproni nyeusi, gauni la maua mekundu likichungulia chini yake, chanuo limechomekwa nyweleni. Fundi hakuliona chanuo. Njaa ilikuwa imeshamfumba macho.

"Dada, mambo? Niletee kahawa ya maziwa, mayai ya kukaanga, kiini kisiive sana, na mkate wa kuchoma. Halafu ile meza ya dirishani ina makombo, ipitishie kitambaa."

Mwanamke alimtazama kuanzia buti hadi utosini, macho yakatua kwenye utosi yakabaki hapo.

"Sukari?"

"Kidogo."

"Siagi?"

"Usinibanie."

"Haya baba, kakae."

Akaifuta meza. Akapeleka maagizo jikoni. Akarudi na sinia, akapanga sahani vizuri, kikombe upande wa kulia, kijiko ndani ya kisahani. Kisha akavuta kiti, akaketi mbele ya fundi, akachukua kipande cha mkate wake na kuanza kukipaka siagi.

Fundi alikodoa macho. "Samahani, dada, unafanya nini?"

"Nakula. Kazi uliyonipa ni nzito."

"Wahudumu wa hapa wanakula na wateja?"

"Sijui, muulize mhudumu. Yule pale."

Mhudumu alikuwa anakuja: mtu mzima, mwembamba, kizibao cheusi, shati jeupe, mwendo wa kukagua gwaride. Mtaa mzima ulimwita Waziri. Alisimama kando ya meza, akawatazama wote wawili, akamwambia mwanamke, "Msusi, hii mara ya pili unaninyang'anya kazi. Nywele zimeisha huko saluni?"

Meza za jirani zikaangua kicheko. Fundi akatamani lifti yoyote impitie hapo hapo imshushe chini ya ardhi.

"Nisamehe, dada yangu. Niliona aproni."

"Na chanuo ulidhani ni la kuchania mayai?" Msusi akamsogezea sahani. "Kula, yanapoa. Kwa Shangazi hakuna anayenuniwa akiwa na njaa."

Ilikuwa kweli. Mkahawa wenyewe ulikuwa mdogo, viti vimegusana migongo, lakini uliamsha mtaa mzima. Shangazi alikaanga buni mwenyewe uani kila asubuhi, na harufu ilitangulia kufika barabarani kabla mlango haujafunguliwa. Vikombe vilikaa kwenye maji ya moto hadi dakika ya kumiminiwa, maana kahawa yake, alisema, haikuzaliwa ikutane na baridi. Ukibakisha chakula sahanini, hakukuuliza kama umeshiba, alitoka jikoni na mwiko mkononi akauliza, "Mwanangu, nani amekuudhi?" Na watu walimwambia. Walimwambia habari za wakwe, za mabosi, za magoti yanayouma, wakaondoka wepesi.

Kabla ya kurudi kazini, fundi alijikaza. "Naomba namba yako ya simu."

"Ya kazi gani? Mimi ni msusi, wewe una kipara. Tutaongea nini?"

"Nitafuga."

"Utafuga wapi, shamba lenyewe limeshakuwa lami?"

Lakini namba alimpa.

Kuanzia hapo meza ya dirishani ikawa yao. Fundi aliwahi, msusi akafuata akiwa na kanga begani au na gauni jipya alilodai ni la zamani. Walitaniana hadi kahawa ikapoa, Waziri akaja kuibadilisha bila kuombwa huku akinung'unika kwamba mapenzi yanamtia hasara Shangazi. Mchana simu ililia.

"Uko wapi, roho yangu?"

"Ndani ya shimo la lifti."

"Umekwama?"

"Kwako, ndiyo."

"Hebu toka huko, unanichekesha nimeshika kichwa cha mtu."

Hapo ndipo fundi alipojifunza pia ule utaratibu wa vikombe. Asubuhi, wakati watu wamesimama hadi mlangoni, mtu akitaka kiti cha mwenzake kishikwe, Waziri aliweka kikombe kifudifudi juu ya kisahani mbele ya kiti hicho. Maana yake ni moja: hapa kuna mtu anasubiriwa. Hata ungekuja na suti na dereva, hukai. Wiki ya kwanza fundi aliketi bila kujua, akanyanyuliwa kwa heshima zote, mkate ukiwa bado mdomoni.

Sasa, msusi alikuwa na donda moja. Kabla ya fundi aliwahi kuwa na mchumba aliyeondoka bila neno, bila ugomvi, hata kwaheri hakuna. Alimweleza fundi waziwazi siku moja, akikoroga kikombe ambacho sukari yake ilishayeyuka zamani.

"Mimi nigombeze, mpenzi. Nifokee. Lakini usininyamazie. Nilishaachwa kimya mara moja. Nikiachwa hivyo tena, mlango nitaufunga na kitasa nitaking'oa."

"Mimi nikunyamazie? Mdomo huu?"

"Huo huo."

Basi fundi akatumwa mji mwingine kutengeneza lifti za hospitali. Kazi ya siku chache ikazaa nyingine. Na siku ya pili tu tangu afike, akiinama kukagua kamba za chuma, simu ikamtoka mfukoni ikaenda hadi chini kabisa. Ilipookotwa, ungeweza kuipepeta kwa ungo. Namba ya msusi ilikuwa humo. Kichwani hakuwa nayo. Akajipa moyo: nitarudi nimweleze, tutacheka.

Huku nyuma msusi alipiga. Simu haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Akaacha kupiga, lakini kwa Shangazi hakuacha kwenda.

Fundi alirudi asubuhi, akapitia kwenye duka la simu, akanunua simu nyingine, akarudishiwa laini yake, akaenda moja kwa moja mkahawani, begi begani. Alifika kwenye kioo cha mlango akasimama. Msusi alikuwa meza ya dirishani. Gauni la manjano, hereni ndefu, misuko mipya imefungwa juu kama taji. Alikuwa anacheka na jambo alilosema Waziri. Na mbele yake, kwenye kiti cha fundi, kikombe kimekaa kifudifudi.

Kuna mtu anasubiriwa.

Damu ikampanda. Gauni jipya, misuko mipya, kicheko, kikombe. Alijumlisha vyote, akapata mwanamume. Waziri akamwona, akainua mkono, "Fundi! Fundi wee!" Fundi alishageuka.

Alivuka barabara, akaingia mkahawa wa upande wa pili, usio na foleni kwa sababu nzuri. Kahawa ililetwa ina ladha ya maji yaliyosuuza sufuria. Yai lilikuwa baridi. Mhudumu alikuwa akitazama video kwenye simu, akamwelekeza sukari kwa kidevu. Fundi akanywa hivyo hivyo, kwa hasira, kama mtu anayejitoza faini.

Simu ikaita.

"Umerudi," msusi alisema.

"Nimerudi."

"Waziri amekuona mlangoni. Mbona hukuingia?"

"Sikutaka kuwasumbua."

"Kumsumbua nani?"

"Wewe na mgeni wako."

"Mgeni gani?"

"Dada, mimi utaratibu wa pale naujua. Nimeona kikombe."

Fundi alisikia vijiko vikigonga vikombe, na sauti ya Shangazi kwa mbali ikiuliza nani hajapata maziwa.

"Kwa hiyo," msusi alisema polepole, "umepotea siku zote hizi, simu umezima, umerudi, umefika hadi mlangoni, umeona kikombe. Mimi hukuniona."

"Simu yangu ilianguka—"

"Na miguu? Nayo ilianguka? Ulishindwa kuingia ukanitukana mbele ya watu kama mwanamume mwenye wivu wake? Ulikuwa unaondoka kimya. Haya. Kunywa kahawa yako."

Simu ikakatwa. Fundi alipopiga, haikupatikana. Sasa ile "haipatikani" ikawa yake.

Alibaki pale akilitazama yai, yai likimtazama. Mlango ukafunguliwa. Waziri aliingia na kizibao chake, sinia begani, mgongo wima, akapita katikati ya meza tupu kama yuko kwake. Akashusha mbele ya fundi kikombe kifudifudi juu ya kisahani.

"Shangazi anasema kama huji, ukichukue. Kinatuzibia kiti."

"Cha nani?"

"Cha nani!" Waziri alitazama juu kuomba subira. "Tangu uondoke, msusi hakubali mtu akae pale. Kila asubuhi, 'Waziri, funika.' Tunafunika. Watu wanasimama na sahani mikononi, kiti kinakula upepo. Juzi mhasibu mmoja alijaribu kuketi, msusi akamnyanyua yeye mwenyewe, na yule ana kilo zake. Gauni la leo amelivaa kwa sababu nilimdanganya kwamba nimekuota unakuja." Akainamia sahani ya fundi. "Na hiki ni nini?"

"Yai."

"Pole."

Fundi hakusubiri. Alibeba kikombe, akasahau begi, akavuka barabara huku honi zikimpigia. Mlangoni kwa Shangazi foleni ilimpisha. Wenyeji walishajua kila kitu, na wasiojua walikuwa wanaelezwa.

Msusi alikuwa ameshasimama, anafunga aproni yake ya saluni juu ya gauni la manjano. Macho mekundu, kidevu juu.

"Sina nafasi. Nina mteja."

"Mpenzi wangu, nilidhani kuna mwingine."

"Ulidhani. Ukaniuliza?"

"Niliumia."

"Na mimi niliyekuwa nakisalimia kikombe kila asubuhi, nilikuwa nafurahi?"

"Mwambie!" mama mmoja wa meza ya pembeni alisema.

"Mama, tafadhali kunywa chai," fundi alimsihi. Akamgeukia msusi. "Nimekosa. Simu ilianguka shimoni, hilo si kosa langu. Lakini pale mlangoni nilikosa. Nimekosa mbele ya hawa wote, hata mbele ya huyu mama. Niliahidi sitakunyamazia, na nilipoumia kidogo tu, nikakimbia na mdomo wangu."

Shangazi alikuwa ametoka jikoni, mwiko mkononi, lakini safari hii hakuuliza nani amemuudhi nani. Alisimama tu, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile kahawa ikachemka bila mtu wa kuitazama.

"Nataka nikuoe," fundi alisema.

Vijiko vikatulia.

"Leo?" msusi aliuliza. "Na hilo ovaroli?"

"Siku utakayotaka wewe. Nitavaa utakachotaka wewe."

"Subiri kwanza, bwana. Tuseme nimekubali. Tuseme tuna nyumba, tuna meza. Siku moja unarudi kazini umechoka, unafungua mlango, unanikuta nimevaa nimependeza, na kwenye meza kuna sahani ya mtu ambaye hayupo. Utafanya nini? Utageuka uende kula mayai ya baridi?"

"Hapana. Nimejifunza. Nitaingia."

"Utaingia ufanye nini?"

"Nitakuuliza. Kwa upole kabisa: mke wangu, hii sahani ni ya nani?"

Msusi aliifungua aproni, akaitundika kwenye kiti.

"Bado hujajifunza kitu," alisema. "Utanawa mikono, utakaa, utakula. Ni yako."